Namba Haikumuuliza Justine

Ninyi vijana mnaojifunza ufundi wa matrekta siku hizi, mnaochomeka waya mmoja chini ya usukani na kungoja kioo kiwatajie ugonjwa, leo nina hasira nanyi na sitaificha. Mtu akistaafu huombwa aandike mambo matamu: kazi ilivyokuwa nzuri, wakubwa walivyompenda, saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa. Mimi sikupewa saa. Nitaandika lililonikera, na tamu ikipata nafasi mtaikuta humohumo.

Naitwa Papa Bona. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo. Nikavuka nikiwa kijana, nikaoa Kashikishi, na maisha yangu yote nimetengeneza matrekta ya pwani hii, kutoka Nchelenge mpaka Chienge. Nilianza na matrekta yasiyo na kioo wala kompyuta. Ukitaka kujua joto la injini ulikuwa unaweka mkono, na mkono ukiungua umeshajua. Trekta la leo linajipima lenyewe. Likiona kasoro linawasha taa na kuandika namba, na kila namba ina maana yake kwenye kitabu. Msije mkasema mzee huyu anachukia vitu vipya. Namba ni kitu kizuri. Ninachokichukia ni fundi anayesoma namba halafu anaziba masikio.

Mnisamehe nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mkuki kwa nguruwe mtamu. Trekta la kwanza la namba nililoshika lilikuwa la mkulima mmoja upande wa Mwense. Siku moja likaandika kwamba sensa ya oili ina hitilafu. Sensa ni kidude kidogo kinachopima na kupeleka habari kwenye kompyuta ya trekta. Nikaibadilisha. Kesho yake namba ileile. Nikabadilisha tena, na ile ya pili ilikuwa imesafiri kutoka Ndola ndani ya begi la dereva wa basi, imefungwa kwenye soksi. Namba ileile. Nilipofunga ya tatu nilikuwa natukana kiwanda na ukoo mzima wa waliokianzisha.

Mkulima akachoka, akamwita Mzee Chola, fundi umeme wa zamani, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Mzee Chola hakufungua hata kisanduku chake. Alimfuata dereva aliyekuwa amekaa pembeni akila muhogo, akaomba kipande, akala naye. Kisha akamuuliza mambo matatu: trekta limelala wapi, limekula nini, limebeba nini. Dereva akajibu yote, akaongeza kwa kicheko kwamba siku hizi trekta linapendeza sana, tangu Papa Bona alipolipaka rangi kwa ajili ya wageni wa bosi.

Mzee Chola akanitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye waya mnene unaofunga betri na chuma cha trekta, ule ambao umeme wote unapita ukirudi kwenye betri. Akaulegeza. Chini yake ilikuwepo rangi yangu nyekundu, imekauka vizuri, inang'aa. Umeme haupiti kwenye rangi, wanangu. Nilikuwa nimeufungia umeme mlango kwa brashi yangu mwenyewe, kisha nikazilaumu sensa tatu zisizo na kosa.

"Bona," aliniambia, "namba inakuambia nani analia. Haikuambii nani alimupiga."

Tangu siku ile sijawahi kugusa spana kabla ya kumuuliza dereva mambo yale matatu. Madereva wengine walinicheka. Mmoja wa kijiji cha Puta aliniuliza kama trekta pia nilichunguze ulimi na choo. Nikamjibu kwamba ndiyo, choo cha trekta ni bomba la moshi, na harufu ya moshi wake ilikuwa inasema ametia mafuta ya taa kwenye dizeli. Akaacha kucheka.

Sasa niwaambie la msimu huu uliopita, ndilo linalonichemsha.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalowesha vumbi. Nilikuwa nyumbani Kashikishi nikirekebisha breki za baiskeli ya mke wangu, akaja mwanamke mmoja kutoka Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Alikuwa ameendesha baiskeli njia yote hiyo, sketi imejaa matope mpaka magotini. Jina lake Justine. Nilimfahamu kwa kumsikia: yeye ndiye dereva wa trekta la ushirika wa wanawake wakulima, trekta ambalo mradi wa kusaidia wakimbizi uliwapa. Alijifunza kuendesha kule Kongo kabla ya vita kumtoa. Alipokuja Mantapala alikuwa mkimbizi kama wakimbizi wengine, mtu wa kupanga foleni. Siku alipopanda kwenye usukani watu wakaanza kumwita Chauffeur, yaani dereva.

Hakukubali kukaa.

"Papa Bona, banasema miye njo niliua mashini. Siku ya ine, Alhamisi, kamati inakutana. Banakamata fungula, banapatia mutu mwingine."

"Nani anasema?"

"Ordinateur," akasema, yaani kompyuta. "Ile ya kijana wa kampuni."

Nikamwomba anieleze polepole. Trekta lilianza kukosa nguvu. Asubuhi taa nyekundu inawaka, namba inatokea, injini inavuta kama mtu mwenye pumu. Ikifika mchana taa inazimika na nguvu zinarudi. Fundi wa kampuni iliyouza trekta akaja, kijana anaitwa Chanda, mtoto wa Ndola, ana shati safi na kompyuta nzuri. Akachomeka waya. Namba ikamwambia sensa ya msukumo wa dizeli. Akabadilisha sensa. Baada ya siku mbili namba ikarudi, na nyingine mbili zikaongezeka. Akaja tena, akachomeka tena, akasoma kwenye kumbukumbu ya trekta kwamba taa iliwaka mara nyingi na dereva akaendelea kuendesha. Basi akaandika ripoti: kompyuta ya trekta imekufa, na imekufa kwa sababu dereva alipuuza onyo. Akaweka na jina lake, Justine, herufi kwa herufi. Ripoti ikaenda kwenye mradi, nakala ikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ushirika.

"Na wewe alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza kitu. Alisema tu nitoke mu kabini, anatumika kazi."

Niliitupa spana ya baiskeli chini mpaka mke wangu akatoka ndani kuangalia. Mara mbili! Kijana amesafiri mara mbili, barabara ile yenye mashimo, na hakumuuliza hata swali moja mtu anayekaa juu ya trekta kila siku. Kuuliza si ujinga. Kutouliza ndio ujinga, na ujinga ukivaa shati safi unaitwa ripoti.

Siku ya Jumatano nilifika Mantapala mapema, umande bado uko kwenye majani. Hilo nalo liwekeni kichwani: ugonjwa wa asubuhi hautibiwi saa sita. Chanda alikuwa akifika mchana kila mara, jua limeshakausha kila kitu. Kumbukumbu ilimwonyesha taa imewaka mara ngapi, lakini hakujiuliza kwa nini huwa ni asubuhi tu.

Nikamkalisha Justine kwenye tairi la mbele nikamuuliza yale matatu. Limelala wapi? Chini ya bati, pakavu. Limekula nini? Dizeli ya pipa la mradi, na huchujwa kwa kitambaa. Limebeba nini?

Akatazama pembeni.

"Mbegu. Na engrais, ile mbolea."

"Na kingine?"

"Papa, usiniulize ile."

"Justine, mficha uchi hazai. Kesho wanakunyang'anya ufunguo. Unamficha nani?"

Akakwangua tope kwenye sketi yake kwa kucha. Halafu akasema, sauti iko chini: "Samaki ya munyu. Ya kutoka kisiwa ya Chisenga. Président alisema tupitie ku port, ku bandari, tubebe bitunga. Tela ilijaa. Kitunga ya kwake hakutaka kikae kule nyuma, juu batu banaibaka samaki. Akakiweka mu kabini, nyuma ya kiti yangu. Akaniambia nisiseme kwa mutu, juu mradi inakataza."

Président ndiye mwenyekiti wa kamati, Papa Mulumba. Watu humwita hivyo naye hapingi. Ndiye aliyekuwa na ile nakala ya ripoti mkononi, na ndiye aliyeitisha kikao cha kumwondoa Justine.

"Na ile taa, ulimwambia?"

"Nilimuambia siku ya kwanza. Akasema endesha tu, ni mavumbi."

Nilimwambia awashe trekta. Taa ikawaka, namba tatu zikajipanga kwenye kioo. Sasa nisikilizeni vizuri, hapa pana kazi. Kompyuta ya trekta hutuma umeme mdogo, volti tano, kwa sensa kadhaa kupitia njia moja. Sensa mbili tatu zikilia kwa pamoja, usizibadilishe. Pima kwanza njia wanayochangia. Nikapima, testa, kile kipimo cha umeme, ikaonyesha volti tatu na kidogo. Nikachomoa sensa ya kwanza; volti zikabaki vilevile. Nikachomoa ya pili na ya tatu, zikabaki vilevile. Kama sensa moja ndiyo ingekuwa mgonjwa, volti zingerudi tano mara tu ulipoichomoa. Hazikurudi. Kwa hiyo umeme ulikuwa unavuja njiani kabla ya kuzifikia sensa, na Chanda aliposoma volti chache kwenye kumbukumbu akadhani kompyuta imeshindwa kuzitoa.

Nikaufuata mganda wa nyaya kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Kutoka kwenye injini ukapita chini ya sakafu ya kabini, ukatokeza nyuma ya kiti. Nikainua zulia la mpira. Hapo ndipo ilipo plagi kubwa inayounganisha nyaya za injini na kompyuta, na juu yake kulikuwa na utando mweupe. Nikaifungua. Ndani, vijino vya shaba vilikuwa vya kijani. Nikaweka ncha ya ulimi.

Chumvi. Chumvi ya samaki kabisa, na harufu yake.

Msiniige kwa kila kitu. Maji ya betri yatawachoma ulimi na mke hatawaelewa mkiongea wiki nzima. Lakini nyuma ya kiti hakuna betri, na mimi nimekula samaki wa Mweru tangu nina meno mawili, siwezi kumkosea. Maji ya kitunga yalidondoka kwenye zulia, yakapenya chini, yakakauka, yakaacha chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa alfajiri, ikilowa inapitisha umeme kutoka jino moja hadi jingine. Jua likipanda inakauka, taa inazimika. Ndiyo siri yote. Hakuna kompyuta iliyokufa pale.

Sikuisafisha. Justine alinisihi niisafishe palepale trekta lipone, nikakataa. Nilifunga plagi ilivyokuwa, nikashusha zulia, nikaomba mahali pa kulala.

Alhamisi asubuhi kamati ikakutana penye ghala, trekta limesimama mbele. Wanawake wa ushirika walikuwa wamejaa, wengi na majembe yao, maana mvua haingoji kikao. Chanda alikuwa amelala Nchelenge, akafika mapema mara hii, na kompyuta mpya ya trekta ndani ya boksi. Papa Mulumba alikuwa amevaa koti. Akasoma ripoti kwa Kiingereza chake cha ofisi, akaitafsiri kwa Kiswahili, akatamka jina la Justine mara nne. Justine alisimama peke yake na ufunguo mkononi.

Nikaomba neno. Nikamwomba Justine awashe trekta, kila mtu aione taa. Ikawaka. Kisha nikainua zulia, nikafungua plagi, nikamgeukia Papa Mulumba.

"Président, wewe ni mtu mzima, mimi ni mtu mzima. Onja hapa."

"Nionje nini?"

"Onja tu. Mimi nilionja jana na bado naishi."

Angekataa ningemwonea huruma kidogo. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, akaona haya kuogopa kidude kidogo namna ile. Akagusa kwa kidole, akapeleka kidole mdomoni. Nilimwona uso unavyobadilika. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti:

"Président, iko na ladha gani?"

"Munyu," akasema, kabla hajajizuia.

"Munyu inatoka wapi? Mu mashamba yetu mahindi inazaaka samaki?"

Walicheka mpaka majembe yakagongana. Kumbe nusu yao walikuwa wanajua habari za vitunga, ila kila mmoja alidhani anajua peke yake. Papa Mulumba alivua koti.

Nikaomba maji ya uvuguvugu. Chanda akashika kichwa: "Awe, ba shikulu, hapana babu, maji kwenye umeme?" Ndiyo, maji. Nimewaona mkisafisha plagi kwa dizeli, na dizeli haiwezi kuyeyusha chumvi hata mkiombea. Chomoa betri kwanza. Chumvi itoe kwa maji masafi na mswaki laini, suuza mara tatu, puliza, anika juani mpaka ikauke kabisa mpaka ndani ya nyaya, futa vijino, ndipo upake mafuta mazito kidogo kuzuia unyevu. Tulingoja jua lifanye kazi yake. Chanda alikaa karibu yangu wakati wote, na niwe mkweli, aliuliza maswali mazuri. Si kijana mbaya. Amefundishwa kuheshimu mashine kuliko mtu, na waliomfundisha ndio ningependa kuwapata.

Tulipofunga tena, testa ikaonyesha volti tano kamili. Justine akawasha. Taa haikuwaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Chanda akachomeka waya wake, akabonyeza kitufe, kumbukumbu yote ya namba ikafutika, kioo kikawa cheupe.

"Bon," Papa Mulumba akasema, ameshavaa koti tena. "Bitu bilishaisha. Justine, ingia, twende kazi. Mvua inakuya."

Akaenda kusimama kwenye ngazi ya kabini, mkono kwenye mlango, kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni.

Justine hakuingia. Aliweka ufunguo juu ya boneti, akamgeukia Chanda.

"Ya mashini umefuta. Na yangu?"

Chanda hakuelewa. Akamwambia kwa utaratibu kwamba trekta ni zima sasa, mama.

"Jina yangu," Justine akasema. "Uliandika miye niliua mashini. Ile nayo, kifungo yake iko wapi? Futa."

Kijana akatazama kompyuta yake kweli, kana kwamba kitufe kingekuwepo. Akasema ripoti ilishakwenda. Akasema fomu ya pili anayoweza kujaza inapokea namba ya kosa na namba ya kifaa, basi. Haina mahali pa kuandika samaki. Hapo ndipo damu iliponipanda kuliko siku zote hizo. Fomu ina nafasi ya kumlaumu mtu lakini haina nafasi ya kumsafisha! Nikafungua mdomo nianze, lakini mama aliyeuliza habari za munyu alinitangulia. Hakupiga kelele. Aliweka jembe lake chini, akaketi juu ya mpini wake. Wa pembeni yake akaketi. Wote wakaketi, pale matopeni, mawingu yamesimama juu ya ziwa, na mashamba yote hayajalimwa.

Papa Mulumba alitazama mawingu, akawatazama wao. Akasema hili si jambo dogo, mradi ukisikia habari za samaki ataulizwa yeye. Wakabaki wameketi. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, ipo daima. Mwishowe aliitoa. Chanda akampa karatasi kutoka kwenye daftari lake. Akaandika amesimama, karatasi imelala juu ya boneti karibu na ufunguo: kwamba yeye ndiye aliyepakia samaki, kwamba dereva alimwambia habari za taa siku ya kwanza, na kwamba yeye ndiye aliyemwamuru aendeshe. Chanda akaandika chini yake alichokiona kwenye plagi, akatia sahihi. Justine akamwomba aipige picha kwa simu na aitume palepale ilipokwenda ripoti ya kwanza. Alisimama begani kwake mpaka akaona imekwenda.

Kisha akampa Papa Mulumba ile karatasi aisome kwa sauti, kwa Kiswahili, kama alivyoisoma ile nyingine. Akaisoma. Alikwama mara mbili.

Justine akaikunja, akaitia kifuani. Akachukua ufunguo, akaenda mpaka kwenye mlango wa kabini, ambako Papa Mulumba alikuwa amerudi kusimama na mkono wake palepale.

"Président," akamwambia, "toka mu njia."